Jenerali Dumas, Mtoto wa Mtumwa Aliyeongoza Majeshi ya Ufaransa

Wako watu, hata miongoni mwa wenye elimu, washikao ya kuwa ubaguzi wa rangi ni jambo la damu, kwamba mtu huzaliwa nao kama azaliwavyo na njaa. Wengine hushika kwamba ni mafundisho, ambayo mtu huyapokea kwa wakubwa wake kama apokeavyo lugha. Mabishano hayo husikika mpaka katika mabwalo ya askari, na aghalabu huishia kwa kila mmoja kubaki na lake. Leo, ndugu msomaji, tuyaache maneno matupu, tuyafuate maisha ya askari mmoja aliyepata kuishi chini ya sheria tatu mbalimbali juu ya rangi yake, ilhali rangi yenyewe haikubadilika hata kidogo.

Askari huyo ni Thomas-Alexandre Dumas. Katika chuo cha makadeti mwandishi wa makala haya alichorewa ubaoni vita vya Napoleon mto kwa mto na mlima kwa mlima, na jina la Dumas halikutajwa hata mara moja. Wengi wamjuao Dumas wamjua mwanawe, yule mwandishi wa riwaya ya wale askari watatu wa mfalme. Lakini baba ndiye aliyekuwa askari.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1762 huko Jérémie, katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Mama yake, Marie-Cessette Dumas, alikuwa Mwafrika mtumwa. Baba yake, Alexandre Antoine Davy de la Pailleterie, alikuwa mwana wa ukoo wa makabaila wa Ufaransa, mtu mvivu na mfujaji, aliyegombana na ndugu yake mwenye shamba la miwa akatokomea milimani na kuishi kwa jina la kubuni kwa muda wa miaka mingi. Kwa mujibu wa sheria ya mahali pale, mtoto hufuata hali ya mama. Basi Thomas-Alexandre, mjukuu wa makabaila, alizaliwa mtumwa.

Yafaa tusimame kidogo katika koloni hilo, kwa maana lilikuwa shule kubwa ya ubaguzi. Sheria ya mwaka 1685 juu ya watumwa ilikuwa katili mno, lakini iliweka kwamba mtumwa aliyeachwa huru apate haki sawa na mtu aliyezaliwa huru. Wazungu wengi walizaa na wanawake weusi, na machotara huru wakaongezeka, wakawa na mashamba, baadhi yao wakawashinda Wazungu kwa mali. Hapo ndipo wakubwa wa koloni walipoona hatari. Kuanzia miaka ya 1760 amri zikamiminika. Mwaka 1773 machotara huru walikatazwa kutumia majina ya ukoo ya Wazungu. Mwaka 1779 walikatazwa kuvaa kama Wazungu. Mwanasheria mmoja wa makoloni, Moreau de Saint-Méry, alifikia hata kuigawa nasaba ya mtu katika mafungu 128, apate kukadiria ni mafungu mangapi yaliyo meupe na mangapi yaliyo meusi. Kama chuki hiyo ingalikuwa ya kuzaliwa, jicho lingalitosha. Hapakuwa na haja ya hesabu wala ya amri juu ya kitambaa cha nguo.

Mwishoni mwa mwaka 1775 yule baba, baada ya kupata habari kwamba urithi wa ukoo unamngoja, alirejea Ufaransa. Hakuwa na nauli. Aliwauza watoto wake wengine, na huyu mmoja akamweka rehani mjini Port-au-Prince kwa masharti ya kumkomboa baadaye. Mwaka 1776 alimkomboa kweli, na kijana wa miaka 14 akashuka katika bandari ya Le Havre. Ndugu zake walibaki walikouzwa. Sidhani kwamba mtu huyu alimchukia mwanawe, maana alimsomesha, akamvika vizuri na kumpa mwalimu wa upanga. Aliweza kumpenda na kumuuza kwa kuwa mazingira aliyoishi yalikuwa yameyafanya mambo hayo mawili yaonekane hayapingani.

Huko Ufaransa kijana alikaa Saint-Germain-en-Laye na baadaye Paris, akifunzwa upanga pamoja na vijana wa makabaila chini ya mkono wa Chevalier de Saint-Georges, chotara kutoka Guadeloupe aliyesifika kwa upanga na kwa muziki. Alikua mrefu, mwenye nguvu zilizokuwa gumzo la mji. Lakini serikali ya mfalme, kwa kushinikizwa na watu wa makoloni, nayo ilikuwa imeanza kufundisha. Sheria ya Agosti 1777 ilipiga marufuku watu weusi kuingia Ufaransa, na ya mwaka 1778 ikakataza ndoa baina yao na Wazungu.

Mwaka 1784, katika ukumbi wa michezo ya kuigiza mjini Paris, Dumas alikuwa ameketi na bibi mmoja wa heshima. Afisa mmoja Mzungu, aliyekuwa ametoka kutumikia makoloni, akamwendea bibi huyo na kujifanya amemdhania Dumas kuwa mtumishi wake. Maneno yakazidi, na afisa yule akataka kumlazimisha Dumas apige magoti mbele ya watu. Ukumbi ulijaa Wafaransa ambao walikuwa wamemwona kijana huyo ameketi pale bila kushtuka. Aliyeshtuka ni yule aliyekuwa amesomea kazi hiyo visiwani.

Mwezi wa Juni 1786 Dumas alijiandikisha jeshini kama askari wa kawaida katika kikosi cha malkia cha wapanda farasi. Kwa ukoo wa baba angestahili uafisa, lakini rangi ilikwisha kuwa kizuizi. Tena baba yake, aliyekuwa ameoa upya na kupunguza fedha za mwanawe, hakutaka jina la ukoo lionekane katika orodha ya askari wa chini. Kijana akajiandikisha kwa jina la mama yake. Siku chache baadaye baba alifariki. Hivyo jina Dumas, linalojulikana leo ulimwenguni kote, ni jina la mwanamke mtumwa wa Jérémie.

Mapinduzi ya mwaka 1789 yalipozuka, miji midogo iliingiwa na hofu ya majambazi, ikaomba askari. Tarehe 15 Agosti mwaka huo kundi la wapanda farasi lilifika Villers-Cotterêts, mji mdogo ulio kiasi cha kilometa 80 kutoka Paris, na wenyeji wakagawana askari wa kuwalaza. Mwenye nyumba ya wageni, Claude Labouret, alimchukua Dumas. Watu wa mji huo walikuwa hawajazoea kumwona mtu mweusi. Walimtazama sana, na ni haki yao, kwa kuwa macho huvutwa na kitu kigeni. Lakini baada ya kumtazama, walimkaribisha mezani. Baada ya miezi michache binti wa nyumba, Marie-Louise, akawa amechumbiwa naye. Baba wa binti alitoa sharti moja tu. Halikuhusu rangi, alitaka kijana apande cheo mpaka usajini kabla ya kuoa.

Sharti hilo lilitimizwa na kupita kiasi. Mwezi wa Agosti 1792, akiwa koplo katika mpaka wa kaskazini, aliongoza doria ndogo iliyowakuta askari 12 wa adui na kuwateka wote. Mwezi wa Oktoba alikuwa Luteni-Kanali katika kikosi cha watu weusi na machotara huru kilichoundwa chini ya Saint-Georges, mwalimu wake wa zamani. Tarehe 28 Novemba 1792 alifunga ndoa Villers-Cotterêts. Mwezi wa Julai 1793 alifanywa Brigedia-Jenerali, na Septemba akafanywa Jenerali wa divisheni. Kutoka koplo mpaka jenerali ni muda wa mwaka mmoja na kitu! Ni kweli kwamba mapinduzi yalikuwa yamewakimbiza maafisa wengi wa kikabaila na nafasi zilikuwa wazi, lakini nafasi hizo wangeweza kupewa wengine.

Msomaji ajiulize nini kilichobadilika. Wafaransa walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni sheria. Mwezi wa Septemba 1791 bunge lilitamka kwamba kila mtu aliye katika ardhi ya Ufaransa yu huru na ana haki za raia, awe na rangi yoyote. Aprili 1792 likawapa machotara na weusi huru wa makoloni haki za kisiasa, na tarehe 4 Februari 1794 likaufuta utumwa. Amri zilizotoka juu zilipobadilika, askari walimpigia saluti jenerali mweusi na kumfuata vitani. Kule Jérémie alikozaliwa mambo yalikwenda kinyume: mwezi ule ule wa Septemba 1793, wenye mashamba waliufungulia mji wao majeshi ya Waingereza, adui za nchi yao, ili mradi wabaki na watumwa.

Dumas alikabidhiwa Jeshi la Alpu mwishoni mwa mwaka 1793, lenye makumi elfu ya askari. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1794, kwenye theluji na barafu, vikosi vyake viliziteka njia za mlimani za Saint-Bernard Ndogo na Mont Cenis, zilizolinda mlango wa Italia. Kwa kulinganisha tu: katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 katika nchi zetu, ni mpaka uhuru ulipokaribia ndipo askari Waafrika wa kwanza walipopewa kamisheni. Tena wakubwa wa jeshi hilo walizoea kusema kuwa Mwafrika kwa maumbile yake hawezi uongozi. Walikuwa wamesahau historia ya jirani zao wa ng'ambo ya mfereji, au hawakutaka kuikumbuka.

Jambo ambalo askari na polisi wa leo wangefaidika kulijua zaidi ni kazi yake katika Vendée. Jimbo hilo la magharibi mwa Ufaransa lilikuwa limeasi, na majeshi ya serikali yalikuwa yamelitendea unyama wa kutisha, wakiua wanawake na watoto na kuchoma vijiji. Dumas alipelekwa huko Agosti 1794. Hakuanza na adui, alianza na askari wake. Alitoa taarifa kali kwa wakubwa wa Paris kuwa jeshi limeoza kwa uporaji, kwamba maafisa hawana amri juu ya watu wao, na kwamba vita hivyo haviwezi kwisha ikiwa raia hawalindwi. Akasisitiza nidhamu na adhabu kwa wanyang'anyi. Mtu aliyewahi kuwekwa rehani kama kiti alielewa maana ya binadamu kutendewa kama kitu. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa mwenyewe ameitwa Paris ajieleze mbele ya Kamati ya Usalama wa Umma, iliyokuwa ikiwapeleka majenerali kukatwa vichwa, na ni kuanguka kwa Robespierre mwezi wa Julai kulikomsalimisha.

Huko Italia alitumika chini ya Bonaparte tangu mwaka 1796. Wakati Wafaransa walipouzingira mji wa Mantua, askari wake walimkamata jasusi aliyekuwa akiwapelekea Waaustria waliozingirwa barua ya siri. Walimpekua wasione kitu. Dumas akatambua kuwa ameimeza, akaamuru apewe dawa ya kuharisha, na barua ikatoka ndani ya kidonge cha nta. Alistahili sifa kwa hilo na kwa mapigano yaliyofuata, lakini mkuu wa watumishi wa Bonaparte, Jenerali Berthier, alimwandika katika taarifa kama mtu aliyekaa akitazama. Dumas hakuwa na ulimi laini, akajibu kwa barua ya matusi. Mwezi wa Machi 1797, katika milima ya Tyrol, alisimama kwenye daraja la Klausen akawazuia wapanda farasi wa Austria peke yake kwa upanga mpaka wenzake wakamfikia. Waaustria wakampa jina la Shetani Mweusi. Ni jina la woga zaidi kuliko la dharau.

Katika msafara wa Misri wa mwaka 1798 alikuwa kamanda wa wapanda farasi wote. Lazima isemwe wazi kwamba huko alikuwa katika jeshi la uvamizi, na mwezi wa Oktoba wakazi wa Kairo walipoasi, alikuwa miongoni mwa waliowazima. Kuonewa hakumfanyi mtu kuwa malaika, na hatuna sababu ya kumpamba marehemu. Lakini huko huko alianza kuhoji mbele ya maafisa wenzake msafara ule ni kwa faida ya nani, ya Ufaransa au ya mtu mmoja. Habari zikamfikia Bonaparte, nao wakaachana kwa uchungu.

Machi 1799 alipanda merikebu mbovu kurudi nyumbani. Merikebu ilivuja, ikalazimika kuingia Taranto, katika Ufalme wa Naples uliokuwa na uhasama na Ufaransa. Alifungwa miaka miwili. Alitoka mwaka 1801 akiwa nusu kiwete na afya yake imevunjika. Mwenyewe aliamini kuwa alitiliwa sumu. Wengi huona kwamba mateso hayo ndiyo aliyoyafikiria mwanawe alipoandika riwaya ya mfungwa wa Monte Cristo.

Ufaransa aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Bonaparte alikuwa ameshika madaraka, na wenye mashamba ya makoloni walikuwa wamemzunguka wakidai sukari yao. Jeshi kubwa lilikwisha pelekwa Saint-Domingue kumwangusha Toussaint Louverture. Tarehe 20 Mei 1802 sheria ilidumisha utumwa katika makoloni. Siku tisa baadaye maafisa weusi na machotara walioondolewa jeshini walikatazwa kukaa Paris na viunga vyake. Mwezi wa Julai watu weusi wakakatazwa kuingia Ufaransa. Januari 1803 serikali ikaagiza kwamba ndoa baina ya weusi na weupe zisifungwe. Ilikuwa ni miaka kumi tu na miezi michache tangu Dumas na Marie-Louise wafunge yao hadharani.

Hapa ndipo ninapowaomba wale washikao kwamba ubaguzi ni wa damu wapafikirie. Hakuna serikali itungayo sheria ya kuwazuia watu wasifanye lile ambalo kwa asili yao wanalichukia. Hatuna sheria ya kukataza kula mchanga. Ndoa zilikatazwa mwaka 1778, na tena mwaka 1803, kwa sababu watu walikuwa wakioana. Waliotaka sheria hizo walikuwa na mashamba, na mashamba yalihitaji watumwa, na utumwa ulihitaji watu waamini kuwa mweusi si mtu kamili.

Wako watakaosema kwamba hata mtoto mchanga hutambua rangi. Jambo hili limechunguzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 uligundua kwamba watoto wachanga waliozaliwa siku chache tu hawapendelei kutazama sura za rangi yoyote, ila wafikapo miezi mitatu hutazama zaidi sura zifananazo na za watu wao. Mwaka uliofuata ukachapishwa mwingine, ulioonyesha kuwa watoto wa Kiethiopia waliolelewa Israeli, wakizungukwa na sura za aina mbili, hawakuwa na upendeleo huo. Kwa hiyo kilicho cha asili ni kuzoea. Wenyeji wa Villers-Cotterêts walimtazama sana Dumas siku ile ya kwanza. Kutazama huko hakukuwa dharau, na hakukugeuka kuwa dharau mpaka wakubwa walipoagiza.

Haki yatudai tuongeze kuwa masaibu ya mwisho ya Dumas hayakutokana na rangi pekee. Ugomvi wake na Bonaparte ulikuwa mkali. Aliandika barua baada ya barua akiomba malimbikizo ya mshahara wa muda wa kifungo, na akiomba kurudishwa kazini. Hakurudishwa, akastaafishwa kwa pensheni ndogo. Lakini wapo Wazungu waliogombana na Bonaparte ambao baadaye walisamehewa na kupewa vyeo. Kwa Dumas, sheria mpya iliifanya chuki ya mtu mmoja kuwa utaratibu wa ofisi, na karani yeyote aliweza kuliweka faili lake kando bila kuulizwa sababu.

Mwanawe wa kiume alizaliwa tarehe 24 Julai 1802, katika mwaka ule ule wa amri zile. Jenerali alifariki tarehe 26 Februari 1806 kwa saratani ya tumbo, mwenye umri wa miaka 43. Mjane wake aliomba pensheni ya mjane wa jenerali, akakataliwa. Baadaye aliendesha duka la tumbaku, na mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka minne baba alipokufa akakua bila fedha za shule nzuri.

Jina la Dumas limechongwa katika lango kuu la ushindi mjini Paris pamoja na majenerali wengine. Sanamu yake, iliyosimamishwa katika mji huo mwanzoni mwa karne ya ishirini, iliondolewa na kuharibiwa wakati nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani, katika miaka ya 1941 na 1942. Mwaka 2009 mahali hapo pakajengwa mnara mwingine: si mtu juu ya farasi, bali pingu kubwa za watumwa zilizokatika. Mwanawe mwandishi alizikwa karibu na wazazi wake Villers-Cotterêts, na mwaka 2002 serikali ya Ufaransa ikayahamisha mabaki yake kwa gwaride la heshima mpaka Panthéon, walipolazwa mashujaa wa taifa. Jenerali hakuhamishwa. Yuko bado katika makaburi ya mji ule mdogo, pamoja na Marie-Louise.